Mjane Hakuulizwa

"Zungusha," alisema Inspekta Rispah Sanga.

Koplo Tsofa alizungusha ufunguo. Stata ililia kwa nguvu, injini ikazunguka na kuzunguka bila kushika, na alipouachia ufunguo ua mzima ulinyamaza. Kuku waliokuwa wametawanyika walirudi chini ya mkorosho kudonoa.

"Tena."

Ikawa yale yale. Lilikuwa gari dogo jeupe la miaka ya tisini, la zile injini zisizotumia kabureta tena bali pampu ya umeme iliyo ndani ya tangi. Rangi ilikuwa imepauka kwa chumvi ya bahari, na viti vimevishwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ya mwenye nyumba. Lilisimama pale pale lilipomgomea Mzee Abubakar asubuhi ya Jumatatu, alipotaka kwenda mahakamani Kwale kueleza kwamba shamba linaloshuka hadi kwenye mikoko ya Bodo ni la ukoo wao, wala si la kampuni iliyolizungushia waya. Mzee alikuwa ameapa kutopanda pikipiki tangu imtupe mtaroni. Gari lilipogoma alishika fimbo yake akaifuata njia kwa miguu aende barabara ya lami. Moyo wake mgonjwa haukumfikisha. Watu walimwokota juani, kanzu yake ya Ijumaa imejaa vumbi, na kesi yake ikaahirishwa bila shahidi.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na mtu aliyeshukiwa kuliharibu gari alikuwa amesimama kando ya boneti na pingu mikononi.

Iddi alikuwa fundi pekee wa magari pale Bodo. Jumapili alilibadilishia gari hilo plagi na chujio la mafuta, kwa hiyo mikono ya mwisho kuonekana ndani ya boneti ilikuwa yake. Mchana huu, huko Kwale, angesomewa shtaka la kuua bila kukusudia. Kijiji hakikungoja mchana. Mlango wa karakana yake ulikuwa umevunjwa, spana zake zikatupwa kwenye matope ya mikoko, na mkewe akaambiwa kisimani kwamba maji yamekwisha huku ndoo za wenziwe zinafurika. Wala hawakuwa wageni waliofanya hayo. Walikuwa watu waliozoea kumletea pikipiki zao jioni na kumlipa kwa ahsante.

Rispah alizaliwa Samburu, kando ya barabara kuu ya Nairobi, binti wa dereva wa lori. Alikua akishika tochi huku babake amelala chini ya injini akilaani. Alichojifunza huko ni kwamba gari likigoma lina sababu moja, na sababu hiyo haina aibu ya kujificha. Ripoti ya fundi wa Ukunda aliyeitwa na kituo ilisema kwamba pampu ya mafuta iliharibiwa kusudi, ife polepole, ndiyo maana iliwahi kufanya kazi Jumapili ikafa Jumatatu. Rispah aliisoma mara moja ikamkera.

"Mfungue pingu," alimwambia Tsofa.

"Afande, akikimbia?"

"Atakimbilia wapi? Kijiji kizima kinamngojea na mawe."

Tsofa alizifungua kwa shingo upande. Iddi alijisugua vifundo vya mikono. Tangu akamatwe alikuwa amesema jambo moja tu, kwamba hakumfanyia mzee ubaya, na ukimya wake ndio uliomtia hatiani mbele ya watu. Asiye na kosa hupiga kelele, walisema.

"Mimi nitauliza, wewe utanionyesha," alisema Rispah. "Stata inazunguka kwa nguvu. Betri je?"

"Betri nzima, afande."

"Sasa tunatafuta nini?"

"Moto na mafuta. Kimoja kikikosekana, haliwaki."

"Anza na moto."

Iddi alichomoa plagi moja, akairudisha kwenye waya wake na kuilaza juu ya chuma cha injini. Tsofa alizungusha ufunguo. Cheche ya buluu iliruka kwenye ncha ya plagi, kavu na kali.

"Moto upo." Iddi aliinusa plagi, akampa Rispah anuse. "Haina hata harufu ya petroli. Mafuta hayafiki."

Mshale wa mafuta ulionyesha nusu. Rispah hakuuamini; mishale ya magari ya zamani husema inachotaka. Alilishika gari kwa nyuma akalitikisa, akasikia petroli ikipigapiga ndani ya tangi. Kisha aliingia nyuma, akalaza sikio kwenye kiti.

"Fungua swichi tu, usiguse stata."

Gari lililo zima likifunguliwa swichi, pampu yake hulia kidogo chini ya kiti cha nyuma, mvumo mfupi wa kuvuta mafuta, kisha hutulia. Rispah alisikiliza. Hakukuwa na mvumo.

"Si ndivyo alivyosema fundi wa Ukunda?" Tsofa alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kuzunguka. "Pampu imekufa."

"Fundi wa Ukunda alisikia kimya akatangaza matanga. Iddi, ipelekee umeme moja kwa moja."

Iddi alikinyanyua kiti, akaichomoa soketi ya pampu, akaitilia nyaya mbili ndefu kutoka kwenye betri. Mara pampu ikavuma, laini na sawasawa, kama cherehani ya jirani. Tsofa aliinama kuitazama kwa mshangao.

"Hiyo ndiyo pampu iliyoharibiwa ife polepole," alisema Rispah. "Mzima wa afya. Tumemweka mtu rumande kwa ajili ya maiti inayoimba."

Hakucheka aliposema hivyo, na Tsofa naye alitazama chini.

"Basi umeme hauifikii. Fyuzi?"

Iddi aliichomoa akaiinua juani. Uzi wake ulikuwa mzima.

"Rilei."

Ndani ya sanduku dogo kando ya betri zilikuwamo rilei mbili zinazofanana kama mapacha, vijisanduku vyeusi vidogo kuliko kiberiti. Kazi yake rilei ni kupokea amri ya swichi na kupitisha umeme. Moja ilikuwa ya pampu, nyingine ya honi. Iddi aliichomoa ya pampu, akaigeuza, kisha mkono wake ukasita. Akafumba kiganja.

"Umeona nini?"

"Si kitu, afande."

"Fumbua mkono, Iddi."

Alifumbua. Chini ya ile rilei kulikuwa na alama ya msalaba iliyokwaruzwa kwa bisibisi.

"Nimeikwaruza mimi," alisema taratibu. "Baada ya Ramadhani honi ilikufa. Nikatazama nikaona honi yenyewe haina ubaya, ila rilei yake imeungua. Nikaitia alama, nikairudisha mahali pake ipazibe, tungojee nyingine. Hii si ya pampu. Hii ndiyo ile mfu ya honi."

"Na iliyo kwenye nafasi ya honi?"

"Bila shaka ndiyo nzima ya pampu."

Aliihamisha mwenyewe. Tsofa alizungusha ufunguo, na injini ikashika hapo hapo, ikanguruma ua mzima kama haijawahi kumkosea mtu.

Majirani walichungulia juu ya ua wa makuti. Mlango wa nyumba ukafunguliwa, akatoka Luqman, mtoto wa pekee wa marehemu, kofia nyeupe kichwani, macho mekundu ya mtu aliyekuwa akipokea waombolezaji kutwa kucha. Alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja Diani, na ndiye aliyepeleka jina la Iddi kituoni.

"Inspekta," alisema, "mnamfungulia pingu aliyemuua babangu, ndani ya ua wa babangu?"

"Tunalitazama gari, Bwana Luqman."

"Tazameni kwa heshima basi. Mama yuko edani humo ndani. Kelele hizi si ungwana."

Alimtupia Iddi jicho moja, akarudi ndani. Iddi hakuinua uso.

Tsofa alimvuta Rispah kando. "Afande, si tumerudi pale pale? Aliyeikwaruza ni yeye. Anayejua rilei ipi mfu ni yeye. Nani mwingine angeweza?"

"Lini? Jumapili alasiri alilirudisha gari, akavuka kwenda Funzi kutengeneza injini ya mashua. Alilala huko na watu wapo. Mzee alilipeleka gari msikitini kwa sala ya isha akarudi nalo. Pampu inayokufa polepole ingeweza kuharibiwa mapema, ndiyo maana Funzi haikumsaidia. Lakini rilei mfu haikupi hata hatua moja. Zilibadilishwa baada ya isha, na Iddi yuko ng'ambo ya maji."

Tsofa alikuna kidevu. Alikuwa polisi mzuri, na polisi mzuri huudhi anapokuwa na haki. "Fundi wa Ukunda alizichomoa zote Jumanne akizikagua. Wakili yeyote atasema yeye ndiye aliyezikosea nafasi alipozirudisha. Tunajua zilivyo leo. Jumatatu asubuhi zilikuwaje, nani atasema?"

Rispah alilizunguka gari, akarudi, akauliza jambo jingine kabisa.

"Lile gari la mgeni umelipata?"

"La." Tsofa aliona haya. Bi Subira, jirani wa ukuta wa pili, alikuwa amesema kwamba asubuhi na mapema Jumatatu alisikia gari likipiga honi karibu na nyumba ya marehemu, na Tsofa akashinda siku mbili akiamini kwamba ni watu wa kampuni waliokuja kumtisha mzee. "Hakuna aliyeliona. Hakuna hata alama ya matairi. Limekuja likapotea."

"Bi Subira alijuaje kwamba ni la mgeni?"

"Si kwa sababu la mzee halipigi honi? Watoto wanaliita Bubu tangu..."

Tsofa hakumaliza. Wote wawili walizitazama zile rilei mbili. Rilei nzima ya pampu ilipowekwa kwenye nafasi ya honi, gari liliacha kuwaka na honi ikafufuka. Gari la mgeni halikuwahi kuwako. Aliyesikika alikuwa Bubu mwenyewe, na kwa kuwa kila mtu alijua kwamba Bubu hasemi, hakuna aliyemsikia.

"Mzee lazima alifungua boneti," alisema Rispah. "Kwenye usukani alikuwa nani?"

"Mkewe."

"Alisema nini alipohojiwa?"

"Hakuhojiwa, afande. Amekaa eda. Sisi wanaume tungeingiaje? Na mwanawe alituomba tusimsumbue, tukaona ni haki."

"Alituomba," Rispah alirudia. Alimgeukia Iddi. "Habari za rilei ya honi ulimwambia nani?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka alama ya bisibisi, hukumbuki uliyemwambia?"

Iddi aliutazama mlango uliokuwa umefungwa, kisha akatazama vidole vyake. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa na mkono anaoujua. "Afande, nipelekeni Kwale tu," alisema. "Mimi sina la kusema."

Rispah alivua viatu mlangoni, akajitanda leso iliyokuwa begani mwake.

Chumba cha ndani kilikuwa na giza jepesi la madirisha yaliyofungwa, na harufu ya udi uliozimika. Bi Mwanaima alikaa juu ya mkeka, amejifunika mtandio mweupe, tasbihi mapajani. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho makavu. Luqman hakuwamo, sauti yake ilisikika barazani akiwaaga wageni.

"Shikamoo, mama. Makiwa."

"Tunayo, mwanangu. Karibu, keti." Alimpisha kwenye mkeka. "Nimesikia gari limewaka. Iddi amekuja?"

"Yuko nje."

"Amekula?"

Rispah alisita. Hakutarajia swali hilo kutoka kwa mjane wa marehemu. "Sijui, mama."

"Hamjui." Bi Mwanaima alitikisa kichwa. "Mamake alifariki akimzaa. Mimi nilikuwa na Luqman mchanga. Nikamchukua, nikawanyonyesha wote, huyu huku na huyu huku. Iddi ni mwanangu wa ziwa, huingia humu kama Luqman aingiavyo. Leo mnaniambia kamuua mzee wangu, na mimi niamini kwa kuwa nimo ndani na ninyi mko nje."

"Niambie asubuhi ya Jumatatu, mama. Ulikaa wapi?"

"Kwenye usukani. Marehemu alizungusha ufunguo, halikushika. Akaniambia nikae nizungushe mimi, yeye akafungua boneti kutazama, na hajui analolitazama. Nikazungusha hata mkono ukachoka. Nikataka kumwita Subira atuitie mtu, nikabonyeza honi."

"Ikalia?"

"Ikalia! Mwenyewe nilishtuka. Nikamwambia marehemu, leo Bubu kasema. Akacheka hata akashika ubavu." Kidole chake kilisimama juu ya punje moja ya tasbihi. "Ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia."

"Mbona hukumwambia mtu?"

"Nani aliniuliza?"

Rispah alitoa kijitabu akaanza kuandika. "Usiku wa kuamkia Jumatatu alikuja mtu hapa?"

"Mgeni hakuja. Alikuja Luqman tu, na pikipiki, baada ya isha. Nikamwekea samaki wake wa kupaka. Akamkanda babake miguu, akamwambia apumzike, kesho ana safari. Alipokuwa akitoka alisema tochi yake ameisahau garini, akaenda kuitafuta, kisha..."

Nje, injini bado ilikuwa ikinguruma. Kisha mtu aliizima.

"Mbona umeacha kuandika?" aliuliza mjane.

"Luqman alituambia kwamba usiku ule alikuwa kazini Diani, na kwamba hakufika Bodo hadi alipopata habari za kifo."

Bi Mwanaima aliifumbata tasbihi kiganjani.

"Mama, gari lilizimwa kwa kubadilisha vitu viwili vinavyofanana. Aliyefanya hivyo alijua kwamba cha honi kimekufa. Iddi alijua. Anakataa kuniambia nani mwingine."

"Anakataa kwa sababu ni nduguye." Mjane alisema hayo kwa sauti ile ile ya kusimulia. "Walikuwa wote wawili pale chini ya mkorosho, mwezi wa Ramadhani umekwisha, wanacheka. Iddi anamwonyesha kijidude. Anamwambia, ukikichomeka hiki mfu pale kwenye pampu, gari haliwaki hata ulisomee Yasini. Mimi nilikuwa dirishani nikiwaambia waje wanywe chai."

Pazia la mlango lilisogea. Luqman alikuwa amesimama hapo, na ilionekana kwamba hakufika wakati huo.

"Mama."

"Ingia," alisema mamake. "Humu unaruhusiwa."

Aliingia akapiga magoti mbele yake. Rispah alibaki pale pale alipokuwa, kalamu mkononi. Alikuwa amesikia watu wengi wakikiri, na alijua kwamba huyu hakuwa akikiri kwa polisi.

"Nilitaka siku moja tu," alisema Luqman. "Niliwaahidi watu wa kampuni kwamba baba hatafika mahakamani. Wanajenga hoteli, mama, nami ningekuwa meneja, ningewahamisha nyote kwenye nyumba nzuri. Nilidhani gari likigoma atarudi ndani alale. Wallahi nilidhani atarudi alale. Nani angejua kwamba atakwenda kwa miguu?"

"Mimi ningejua," alisema mamake. "Mtu aliyeishi naye angejua."

"Sikukusudia kuua."

"Na Iddi? Yeye pia ulidhani atarudi alale?"

Luqman aliinamisha kichwa. "Walianza kuuliza nani aliligusa gari. Jina lake likanitoka."

"Likakutoka." Bi Mwanaima alimtazama mwanawe kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. "Ulishika jeneza la babako upande wa mbele, Luqman. Ukaingia kaburini kumpokea. Ukarudi humu ukanikumbatia, ukaniambia nisizungumze na polisi nisije nikaumia zaidi, nikakuombea dua kwa huruma yako. Nikasema, mwanangu ananilinda."

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu wa pwani, na husema kwa wepesi kwa sababu mara nyingi ni nguo ya mtu mwingine. Rispah aliona hasira ikimpanda. Si kwa ajili ya mzee, ambaye hakumjua. Ilikuwa kwa ajili ya eda yenyewe. Kijana huyu aliichukua heshima ambayo watu wote wa hapa wangemwekea mamake, akaitumia kama kufuli la kumfungia ndani na ushahidi wake.

"Inspekta," Luqman aligeuka, sauti yake imebadilika, "haya niliyosema nimemwambia mamangu. Nitayakana. Bila yeye huna kitu. Zile rilei zimepita mikono mingi."

"Kweli," alisema Rispah. Hakuona faida ya kumficha mjane. "Mama, anasema kweli. Ni wewe tu unayeweza kuapa kwamba honi ililia asubuhi ile. Na mwendesha mashtaka hataondoa shtaka kwa karatasi yangu. Atataka kukusikia kwa kinywa chako, mchana huu, Kwale. Usipokuja, Iddi atasomewa."

"Hawezi kutoka," alisema Luqman. "Yuko edani. Watu watasema nini? Mama, sema hukumbuki, basi. Huna haja ya kusema uongo, sema tu hukumbuki. Iddi atapata wakili, nitamtafutia mimi mwenyewe. Mimi ni damu yako. Yeye ni maziwa."

Wanawake walisikika wakikuna nazi nyumba ya pili. Bi Mwanaima aliiweka tasbihi juu ya mto. Alikaa hivyo muda mrefu, macho kwenye utosi wa mwanawe, na Rispah akadhani atamshika kichwa. Mkono wake kweli uliinuka. Kisha ukashuka ukajishika kwenye mkeka, akasimama.

"Eda ni haki ya marehemu juu yangu," alisema. "Na ushahidi ni haki yake pia. Aliondoka hapa kwenda kusema kweli akafia njiani. Yupi kati yenu atakayenifundisha haki ipi kubwa?"

"Mama, watu..."

"Mwanangu," mjane alimgeukia Rispah, "nipe buibui langu, lile pale mlangoni."

Alilivaa polepole, akajifunika vizuri, akavuka kizingiti ambacho hakuwa amekivuka tangu mumewe azikwe. Jua la mchana lilimpiga machoni akasimama kidogo. Juu ya ua wa makuti Bi Subira alitoa ukelele mdogo, kisha wanawake wengine wakaanza kunong'ona, na mmoja akasema kwa sauti kwamba hii ni aibu. Bi Mwanaima alipita kana kwamba hakuna mtu.

Iddi aliruka kusimama. "Mama, rudi ndani," alisema, na sasa alikuwa akilia wazi wazi, mtu ambaye hakulia rumande. "Rudi ndani, tafadhali. Mimi nitakaa jela. Si kitu."

"Nyamaza," alimwambia. "Umekula?"

"Sijala."

"Tutakula Kwale."

Tsofa alifungua mlango wa gari la polisi, akageuza uso kando kwa adabu. Nyuma yao Rispah alitoka nyumbani, na Luqman mbele yake. Zile pingu zilizofunguliwa asubuhi sasa zilikuwa mikononi mwa kijana huyo. Majirani walipoziona mnong'ono wote ulikatika, na wale waliotupa spana za Iddi matopeni walianza kuangalia miguu yao.

Walipofika kwenye gari Luqman alisimama mbele ya mamake. Akainama, akanyoosha mikono yake miwili iliyofungwa ili aupokee mkono wake aubusu.

"Shikamoo, mama," alisema.

Hakuna mzazi wa pwani anayeiacha salamu hiyo bila jibu, hata akiwa na hasira, hata akiwa hoi kitandani. Watu wote uani walingoja. Bi Mwanaima aliingiza mkono wake ndani ya buibui, akapanda garini, akamwambia Koplo Tsofa kwamba wanachelewa.